Kilembe: Mgodi Uliofungwa, Mwamba Ulioendelea na Kazi

(Hotuba hii niliitoa mbele ya wenyeviti wa vijiji na wajumbe wa kamati za mazingira kutoka maeneo ya Tanzania yanayopakana na migodi. Naiweka yote hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha.)

Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa madiwani, wenyeviti wa vijiji, wazee wetu, akina mama na vijana mliosafiri usiku kucha ili muwe hapa asubuhi hii: wanaostahili shikamoo naomba waipokee, na wengine wote nawasalimu kwa heshima. Itifaki imezingatiwa.

Nimeombwa nizungumzie kufungwa kwa migodi. Nilipopewa mada hii, wengi walidhani nitakuja na vifungu vya sheria. Vifungu vipo, na baadaye nitavitaja viwili vitatu, lakini kwanza naomba niwapeleke mahali ambapo mgodi mkubwa ulifunguliwa, ukastawi na kusimama, na leo tunaweza kwenda kutazama kilichofuata. Mahali hapo ni Kilembe, magharibi mwa Uganda.

Nina jambo moja tu la kuwaambia. Siku mchimbaji wa mwisho anapopanda kutoka shimoni, yeye ndiye anayeacha kazi. Mwamba alioupasua hauachi. Mwamba unaendelea kufanya kazi usiku na mchana, mvua na jua, bila mshahara na bila msimamizi, na anayebaki kuishi na matokeo ya kazi hiyo ni mtu aliyejenga jirani yake.

Kwa wasiopafahamu, Kilembe iko katika wilaya ya Kasese, chini ya milima ya Rwenzori, zaidi ya kilomita 300 kutoka Kampala, si mbali na mpaka wa Kongo. Bonde lake ni jembamba. Milima imesimama pande zote mbili, na katikati unapita Mto Nyamwamba, ambao unaanzia juu kabisa kwenye baridi na ukungu wa Rwenzori, unapita katikati ya makazi ya Kilembe, unaupitia mji wa Kasese, kisha unaingia kwenye uwanda wa Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth na kuishia Ziwa George. Naomba mkumbuke njia hiyo ya mto, kwa sababu karibu kila nitakalosema leo limepita humo.

Mji huu ulizaliwaje? Dalili za shaba katika bonde hilo zilijulikana tangu mwanzoni mwa karne ya 20, lakini shaba iliyo mbali kiasi kile na bahari ni jiwe tu mpaka ipatikane njia ya kuitoa. Kampuni ya Kilembe Mines iliundwa mwaka 1950, ikiwa na mtaji uliotoka Kanada kwa sehemu kubwa. Mwaka 1954 Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa Jinja, na umeme wake ndio uliowezesha kujengwa kwa tanuru la kuyeyushia shaba mjini humo. Mwaka 1956 reli ya magharibi ikafika Kasese, na mwaka huohuo mgodi ukaanza kuzalisha. Makinikia, yaani unga wa mwamba wenye shaba nyingi, yalitengenezwa Kilembe, yakapakiwa kwenye mabehewa, yakavuka Uganda nzima hadi Jinja, yakayeyushwa, na shaba ghafi ikaendelea na safari hadi bandari ya Mombasa.

Tafakarini ukubwa wa jambo hilo. Tanuru na reli ndefu kiasi kile, vyote vikiwa na sababu moja kubwa mwishoni mwa njia: bonde moja jembamba lenye shaba. Katika miaka ya 1960 shaba ilishika nafasi ya tatu katika mauzo ya Uganda nje ya nchi, ikitanguliwa na kahawa na pamba tu. Kampuni ilijenga nyumba za wafanyakazi kwa safu, zikapandisha mlima huko Kyanjuki na kwingineko. Ilijenga hospitali, shule, klabu na hata uwanja wa gofu. Ilijenga mtambo wake wa umeme wa maji huko Mobuku. Mtu aliyepata ajira Kilembe alipata pamoja nayo nyumba, maji ya bomba, taa, na kitanda cha hospitali mkewe alipojifungua.

Ndugu zangu, nani angekataa? Mimi nisingekataa. Wala sisemi kwamba waliokwenda kufanya kazi kule walikosea. Nataka tu tutazame jinsi kila kitu katika mji ule, kuanzia taa hadi dawa, kilivyotundikwa kwenye mkataba mmoja. Ilikuwa nyumba yenye nguzo moja, na nguzo hiyo haikuwa mikononi mwa waliolala ndani.

Kisha mambo yakaja kwa mfululizo. Idi Amin alitwaa madaraka mwaka 1971, mwaka uliofuata Waasia wakafukuzwa, na uchumi ukavurugika hata vipuri na fedha za kigeni vikawa vitu vya kutafutwa kwa tochi. Katikati ya miaka ya 1970 bei ya shaba duniani ikaporomoka. Wenye mtaji wa Kanada wakaondoka, mgodi ukabaki mikononi mwa serikali. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na shirika la reli lililokuwa la wote likagawanywa. Mwaka 1979 vita. Kufikia mwaka 1982 uchimbaji ulikuwa umesimama.

Hapakuwa na siku ambayo mtu alisimama na kutangaza kwamba mji umekufa. Miji ya namna hii haitangaziwi. Kampuni ilibaki na wafanyakazi wachache wa kulinda mitambo na kuendesha pampu, ikapangisha nyumba, ikauza umeme wa Mobuku. Vina vya chini vya mgodi vikajaa maji. Treni za Kasese zikapungua, zikawa za kubahatisha, hatimaye njia ikaachwa na majani. Wafanyakazi waliotoka mbali, waliokuwa na mahali pa kurudi, walirudi. Waliobaki ni wale ambao Kilembe ilikwishakuwa kwao: wazee wa mgodini, wajane, watoto waliozaliwa katika nyumba za kampuni, na jamii za Wakonzo ambao milima ile ilikuwa yao kabla ya kampuni kufika na ingali yao baada ya kampuni kwenda. Wakalima. Wakalima miteremko, na palipokosekana mteremko wakalima juu ya mabaki ya mgodi.

Juu ya mabaki ya mgodi. Hapo ndipo ninapotaka tukae kwa muda.

Naomba tufanye hesabu pamoja. Kati ya mwaka 1956 na 1982 Kilembe ilichimba takriban tani milioni 16 za mbale, yaani mwamba wenye madini. Shaba ghafi iliyopatikana ilikuwa kama tani 271,000. Tuseme kwa kilo: katika kila kilo mia za mwamba uliotolewa ardhini, shaba haikufika kilo mbili. Je, kilo tisini na nane nyingine zilikwenda wapi?

Hazikwenda popote. Hilo ndilo jibu. Zilisagwa zikawa unga, zikatiwa maji na kemikali, shaba ikatolewa, na unga uliobaki ukamwagwa palepale bondeni, pembezoni mwa Mto Nyamwamba. Sisi huku tunauita topesumu, na mnajua mabwawa yake yanavyofanana. Tani milioni kumi na tano na zaidi za unga wa mwamba zilipangwa kwenye bonde ambalo upana wake hautoshi kwa watu, barabara na mto.

Na kulikuwa na kitu kingine. Mbale ya Kilembe ilikuwa na kobalti pia, na kobalti hiyo ilikuwa imejificha ndani ya madini yanayoitwa piraiti, ambayo ni chuma na salfa. Wakati ule haikulipa kuitoa. Kwa hiyo makinikia ya piraiti yalitengwa, yakapelekwa chini Kasese na kurundikwa uwanjani, yakisubiri siku ambayo ingelipa. Rundo lilikua mwaka hadi mwaka, mpaka likafikia karibu tani milioni moja. Lilikaa hapo, bila paa, bila sakafu, kwa miongo.

Sasa naomba msikilize kwa makini, hasa vijana mnaosoma kemia. Piraiti ikiwa ndani ya mwamba, mamia ya mita chini ya ardhi, haina ubaya na mtu. Imekaa huko mamilioni ya miaka. Ubaya unaanza tunapoitoa, tukaisaga, tukaiweka mahali penye hewa na mvua. Hewa na maji vikikutana na piraiti, salfa yake inageuka asidi ya salfuriki, ileile iliyomo kwenye betri ya gari. Asidi hiyo inayeyusha shaba, kobalti, nikeli na metali nyingine zilizomo kwenye unga, na maji yanazibeba. Kuna bakteria wanaoishi kwa kazi hiyohiyo. Wanakula chuma na salfa na kuongeza kasi ya asidi mara nyingi. Hawahitaji kulishwa. Hawahitaji ruhusa. Wanachohitaji ni piraiti, hewa na unyevu.

Kazi hiyo huchukua muda gani kwisha? Kusini mwa Hispania kuna mto unaoitwa Río Tinto. Watu walianza kuchimba shaba na fedha katika eneo hilo miaka ipatayo 5,000 iliyopita, na Warumi walichimba huko kwa wingi. Mto huo hadi leo ni mwekundu na una asidi. Ni kweli kwamba mwamba wa pale una piraiti nyingi kwa asili, lakini lundo la mabaki ya kale bado linachangia. Anayewaambia kwamba mvua chache zitasafisha, mkumbusheni Warumi.

Turudi Kasese. Mvua ziliponyesha juu ya lile rundo, maji yaliyotiririka yalishuka uwandani na kuingia Hifadhi ya Queen Elizabeth. Yalichora njia. Watafiti waliokwenda kupima waliikuta kwa macho kabla ya kufungua vifaa vyao: katikati ya mbuga yenye nyasi na miti kulikuwa na ukanda ambao hauna kitu, udongo ulioungua, ukoko wa rangi ya kutu na manjano, na pembeni nyasi chache za aina zinazostahimili asidi. Ukanda huo ulifuata mteremko kuelekea Ziwa George, mahali pale ambapo maji ya mvua yalipita. Ndani ya hifadhi ya taifa, ambamo hakuna mtu anayeruhusiwa kukata mti.

Na Ziwa George si ziwa la hivihivi. Ni ziwa la kina kifupi sana, wastani wake ni kama mita mbili na nusu, lipo juu ya mstari wa ikweta, na mwaka 1988 lilikuwa eneo la kwanza la Uganda kuorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar unaolinda ardhioevu. Watu wa Hamukungu na vijiji vingine vya wavuvi wanaishi kwa samaki wake. Maji yake yanaendelea kwa Mlango wa Kazinga hadi Ziwa Edward, na upande wa pili wa Ziwa Edward ni Kongo. Kilichoanzia uwanjani Kasese hakina mpaka wa wilaya wala wa nchi.

Kuna sehemu ya kisa hiki inayonipa matumaini, na nisingependa niiruke. Mwaka 1992 iliundwa kampuni ya Kasese Cobalt, na kuanzia mwaka 1999 ikaanza kulichenjua lile rundo. Ilichenjuaje? Kwa bakteria walewale. Bakteria waliokuwa wakiunguza mbuga waliwekwa ndani ya matangi makubwa, wakapewa hewa, joto na chakula kwa kipimo, wakafanya kazi yao humo, na kobalti ikatolewa badala ya kuachwa iende ziwani. Kiwanda kiliendelea hadi rundo lilipokwisha, mwaka 2013 kuelekea 2014. Sisemi kwamba kila kitu kilisafishwa, maana kiwanda chenyewe kiliacha mabaki yake, na kuondolewa kwa chanzo hakukuuponya udongo ulioungua mbugani. Lakini tuone walichothibitisha: maarifa ya kulizuia jambo hili yapo. Rundo lile lilikaa nje kwa sababu hakuna aliyelazimika kulifunika.

Kwetu pia jambo hili si geni. Mwaka 2009, huko Tarime, maji yenye asidi yalivuja kutoka eneo la mgodi hadi Mto Tigithe, na wanaoishi kando ya mto ule hawajasahau. Kwa hiyo mtu asiondoke hapa akidhani nimezungumzia nchi ya jirani tu.

Mzee mmoja aliniuliza asubuhi, kabla hatujaanza, kama sumu hii inaonekana kwa macho. Swali zuri sana, na nilimwahidi kulijibu mbele ya wote. Mara nyingi haionekani. Maji yenye kobalti yanaweza kuwa maangavu kama ya chemchemi. Huko Kilembe, watafiti wa vyuo vikuu wamepima udongo wa mashamba na bustani, maji ya kunywa, vumbi la ndani ya nyumba, na vyakula. Wamekuta shaba, kobalti, nikeli na zinki, mahali pengine kwa viwango vinavyopita mipaka inayokubalika, na mboga za majani kama mchicha ni miongoni mwa vyakula vilivyobeba metali hizo. Fikirini mama anayechuma mchicha nyuma ya nyumba jioni. Majani ni mabichi, mapana, hayana doa. Anaosha vizuri, anapika vizuri, anawapa watoto. Amefanya kila kitu ambacho mama mwema hufanya. Kosa lake ni lipi?

Hana kosa. Hakuna aliyempimia ile bustani kabla hajapanda.

Sasa niende kwenye mto. Nimesema topesumu ilipangwa pembezoni mwa Nyamwamba. Mto wa milimani una tabia yake: kwa miezi unaweza kuuvuka kwa miguu, na siku moja ukashuka na mawe yenye ukubwa wa gari. Mapema mwaka 2012 moto uliteketeza sehemu kubwa ya uoto wa juu wa Rwenzori, ule uoto unaoshika maji yanaposhuka. Tarehe 1 Mei 2013, baada ya mvua kubwa, Nyamwamba ulifurika. Ulibomoa madaraja, nyumba na barabara, ukaingia hospitali ya Kilembe, ukapita juu ya mabaki ya mgodi na kuyabeba. Mafuriko yakarudi mwaka 2014. Na tarehe 7 Mei 2020, wakati dunia nzima ikihangaika na korona, mto ulirudi kwa nguvu zaidi. Hospitali ile iliyojengwa enzi za mgodi, ambayo watu wa bonde zima waliitegemea, iliharibiwa kiasi cha kushindwa kutumika, pamoja na chuo cha wauguzi kilichokuwa hapo. Maelfu ya watu walikosa makazi, na baadhi yao, kule Muhokya, walikaa kambini kwa miaka.

Mtu anaweza kusema: mafuriko ni ya Mungu, mgodi unaingiaje? Naheshimu anayesema hivyo, na ni kweli kwamba Nyamwamba ulikuwa ukifurika kabla ya kampuni yoyote. Lakini nani aliamua kwamba nyumba za wafanyakazi zijengwe kwenye sakafu ya bonde, kando ya mto? Nani aliamua kwamba milima ya unga wa mwamba irundikwe kwenye kingo, ikiubana mto na kuufanya utafute njia nyingine? Nani aliamua kwamba hospitali isimame pale? Maamuzi hayo yalifanywa mezani, kwa ramani na rula, na watu walioyafanya walijua kwamba wao hawatakuwepo. Mto ulipokuja, haukubeba maji tu. Ulibeba topesumu ya miaka ya 1950, 1960 na 1970 na kuimwaga kwenye mashamba ya chini ambayo mababu wa wenye mashamba hayo hawakuwahi kupata hata siku moja ya ajira mgodini.

Baada ya mafuriko, mawe makubwa yalibaki yamejaa kwenye njia ya mto, na watu wakaanza kuyavunja kwa nyundo ili wauze kokoto. Hiyo ndiyo ajira iliyobaki katika bonde lililowahi kuipa nchi bidhaa yake ya tatu kwa mauzo.

Na sisi tunayajua mabwawa yanayopasuka. Tarehe 7 Novemba 2022, kingo za bwawa la topesumu la mgodi wa almasi wa Mwadui, wilayani Kishapu, zilipasuka, na tope likafunika nyumba, mashamba na visima vya Ng'wanholo. Ule ni mgodi unaofanya kazi, wenye wahandisi, wenye mitambo, wenye simu ya kupigiwa. Jiulizeni: bwawa likipasuka miaka thelathini baada ya mgodi kufungwa, mtampigia nani?

Hilo ndilo swali la mwisho ninalotaka kulizungumzia, na ndilo zito kuliko yote. Nani analipa?

Tufuate mnyororo wa Kilembe. Mwenye mtaji wa kwanza aliondoka katika miaka ya 1970. Serikali ikarithi, nayo ikarithi mgodi pamoja na madeni yake yasiyoandikwa. Kampuni ya kobalti ilishughulikia rundo la Kasese, haikuwa na wajibu wa kushughulikia topesumu ya bondeni. Mwaka 2013 serikali ilitia saini makubaliano na muungano wa kampuni za Kichina uliojulikana kama Tibet Hima, kwa miaka 25, ukiahidi kufufua mgodi. Miaka michache baadaye makubaliano yakavunjwa. Kila aliyekuja alikuta mabaki ya aliyemtangulia, na kila mmoja aliweza kusema, tena kwa ukweli, kwamba yeye siye aliyeyamwaga. Mwaka 1956 hakuna sheria iliyomtaka mwenye mgodi aweke fedha pembeni kwa ajili ya siku ya kufunga. Hazikuwekwa. Na fedha ambazo hazikuwekwa wakati shaba inatoka hazipatikani shaba ikiisha.

Kabwe, nchini Zambia, ni vivyo hivyo na pengine zaidi. Mgodi wa madini ya risasi na zinki ulifanya kazi pale kwa takriban miaka 90, ukafungwa mwaka 1994. Miongo mitatu baadaye, watoto waliozaliwa muda mrefu baada ya tanuru kuzimwa wanapimwa na kukutwa na risasi nyingi katika damu yao, kwa sababu ya vumbi la ua wanamochezea. Serikali imekopa ili kusafisha, na imesafisha kiasi, na kazi ingalipo. Faida iligawanywa karne iliyopita. Deni wanalilipa watoto wa leo kwa damu yao.

Sasa, wenyeviti wangu, nimefika kwenye vile vifungu. Sisi hatuko mwaka 1956. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ipo. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 na kanuni zake zipo, na zinamtaka mwenye leseni kubwa awe na mpango wa ufungaji wa mgodi na aweke dhamana ya ukarabati wa mazingira. Tumeona pia mgodi ukifungwa kwa kupangwa: Buzwagi, Kahama, ulisimamisha uzalishaji mwaka 2021, na eneo lake limetengwa kuwa ukanda maalumu wa uchumi. Muda utaonyesha maji ya pale yatakuwaje, lakini tofauti na Kilembe ni kwamba kulikuwa na mpango, na mtu wa kuulizwa.

Kwa hiyo ni wangapi kati yenu mmewahi kuuona mpango wa ufungaji wa mgodi unaopakana na kijiji chenu? Naomba mnyooshe mikono bila woga.

(Hapa mikono michache sana ilinyooshwa.)

Nashukuru kwa ukweli wenu. Ombeni kuuona. Msiombe mwaka ambao mgodi unafungwa; ombeni sasa, mgodi ukiwa unazalisha, kwa sababu ni sasa ndipo mna nguvu ya kusikilizwa. Someni mahali palipoandikwa topesumu itafanywa nini, itafunikwa kwa kitu gani, nani atakagua kingo za bwawa na kwa miaka mingapi baada ya kufungwa. Ulizeni dhamana ni kiasi gani, iko wapi, na mara ya mwisho ilipitiwa upya lini, maana mgodi ukipanuka gharama ya kuufunga nayo inapanda. Ulizeni kama mwamba wenu una piraiti. Hilo lina jibu la maabara, na jibu hilo liko kwenye makabati yao tangu siku ya kwanza. Magwangala, yale mawe ya mabaki ya mgodi mnayoruhusiwa kuokota, nayo yaulizeni hivyohivyo, kabla hayajawa msingi wa nyumba au kifusi cha uwanja wa shule.

Lakini jambo ambalo ningewasihi mlifanye hata kama mengine yote yatachelewa ni kupima maji yenu kabla. Kilembe wanapima leo, na wanapopima hawana cha kulinganisha. Mtu akikuta kobalti kisimani, mwingine husema huenda ilikuwepo tangu enzi, mwamba wa pale una metali kwa asili, na hakuna karatasi ya mwaka 1955 ya kumjibu. Kijiji chenye kumbukumbu ya maji yake kabla ya mgodi, au hata katikati ya maisha ya mgodi, kina kitu cha kuweka mezani. Kijiji kisicho nayo kina malalamiko tu. Chukueni sampuli katika visima vyote, mtoni juu ya mgodi na mtoni chini ya mgodi, masika na kiangazi. Andikeni tarehe, saa, mahali, na jina la aliyechota. Pelekeni maabara inayotambulika, muombe nakala yenye mhuri, na nakala moja ibaki ofisi ya kijiji, nyingine shuleni, nyingine kwa mtu mnayemwamini. Halmashauri ina mhandisi wa maji, na kazi hii ni sehemu ya kazi yake.

Najua kuna wajumbe hapa wanaofikiri kwamba maswali haya yatawafukuza wawekezaji. Nimesikia hoja hiyo mara nyingi, na naijibu kwa heshima. Mwekezaji anayeondoka kwa sababu ameulizwa atayaacha wapi mabaki yake amekwishajibu swali. Mwenye nia ya kukaa atafungua kabati, atoe mpango, na akae nanyi kuusoma ukurasa kwa ukurasa.

Mheshimiwa Mwenyekiti, muda wangu umekwisha na naona umetazama saa. Kabla hatujaenda mapumziko, naomba kila kijiji kimtaje kwa katibu mtu mmoja atakayesimamia daftari la maji, na ingependeza awe kijana ambaye bado yuko kijijini miaka kumi ijayo. Mvua za masika ziko karibu, na sampuli za kiangazi zinapaswa kuchotwa kabla hazijaanza. Asanteni sana kwa kunisikiliza. Niko tayari kwa maswali, na ningeomba tuanze na akina mama waliokaa nyuma, ambao wamenyoosha mikono muda mrefu.